Mshono wa Ndani

Mama yangu, Mwanakombo binti Shee,
aliniletea gauni usiku, watu wamelala:
"Panua kidogo, mwanangu. Usiseme."
Nilikuwa na miaka kumi na minne,
ndio kwanza najua kukanyaga cherehani.
Sikusema.
Nikafumua ubavuni, nikakuta akiba ya kitambaa
aliyoikunja fundi wa mwanzo,
kama aliyejua.

Mchana mama alikula kama ndege.
Kipande cha mkate wa mofa, chai ya rangi, basi,
na shangazi zangu wakamsifu kwa staha.
Usiku nilisikia mfuniko wa sufuria
ukiwekwa sakafuni polepole, kama mtoto anayelazwa.
Kisha kimya chenye kutafuna:
wali wa baridi, mahamri ya kuuza kesho,
sukari kwa kijiko, haraka, bila ladha,
kama mtu anayekimbizwa na asiyemwona.
Alfajiri, maji mengi ya kuosha vyombo,
na macho mekundu aliyoyasingizia moshi.

Kibokoni jambo hilo lilikuwa na jina moja: ulafi.
Wenye huruma walisema pepo.
Wakaleta kombe, akanywa. Wakafukiza ubani.
Njaa ikangoja moshi upungue.

Na mimi?
Nina miaka arobaini na sita, duka langu liko Bondeni,
kanzu zangu huvaliwa na maharusi.
Chini ya meza ya kukatia kuna debe la kachiri
ambalo hata Bwanaheri, mwanafunzi wangu, halijui.
Kazi za Idi zikinielemea, usiku nafunga mlango,
nala mpaka vidole vinuke pilipili na aibu,
nala nikiwa nimeshiba kitambo,
mkono si wangu,
ni wa mtu ninayemfahamu.

Jumatano moja, baada ya isha,
binti yangu Twahira alisimama mlangoni,
sketi ya shule ameikunja kwapani.
"Baba, panua kidogo. Usimwambie mama."

Sindano iliniponyoka.

Hakumwona bibi yake kamwe.
Alizaliwa mwaka wa nne baada ya mazishi.
Hakula chunguni mwake, hakuusikia mfuniko ule.
Maneno hayo nani alimfundisha?

Posa zikija huwa twaulizana nasaba:
fulani bin fulani, wa mlango upi, wa mji gani.
Twahesabu mababu mpaka pumzi ikatike.
Hatuulizi nani alikula gizani.

Daktari Mkamburi, kwenye kliniki ya Ganjoni,
hakumpima kiuno. Mimi fundi, nilishangaa.
Aliuliza: "Nani mwingine nyumbani?"
Nikatazama feni.
Twahira akanitazama mimi.
Daktari akasema kuna mambo hushuka na damu
kama rangi ya macho, ila si wazi kama rangi ya macho:
jeni nyingi, ndogo ndogo, hakuna moja ya kubeba lawama,
kisha huzuni, na kujinyima, na midomo ya watu,
kila kimoja kikitia uzi wake.
Kurithi mwelekeo, akasema, si kurithi hukumu.

"Kwa hivyo si kwamba mimi ni mbaya?"
Twahira aliuliza, akichezea kifungo.

Swali hilo nililibeba zaidi ya miaka thelathini
nisijue kwamba huulizwa kwa sauti.

Nikasema, "Mimi pia."
Maneno mawili. Yalinitoka kama mfupa wa samaki.
"Na bibi yako."
Akanyamaza. Kisha, kwa mara ya kwanza,
akataka kujua bibi alifanana vipi.

Sketi niliipanua mchana, mlango wazi,
yeye kakaa kwenye kigoda anashika taa ya cherehani.
Nikamwonyesha namna ya kufumua bila kuchana:
uzi mmoja, halafu mwingine, usivute.

Debe lingali chini ya meza.
Sijalitupa. Nisiongope.
Ila sasa tunaolijua ni wawili.